Kura ya Bibi Hedwiga

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mapaa ya mabati ya Troyeville, Johannesburg, cherehani ya Bibi Hedwiga ilikuwa imeshaanza kulia. Alishona sare za shule, na wakati wa baridi alitia viraka masweta ya watoto wa mtaa mzima. Mjukuu wake Emmy, msichana wa miaka kumi na mitatu, aliamshwa na mlio huo. Alikuwa akijifunika blanketi mpaka kichwani, akisikiliza, huku akijua kwamba uji uko tayari na maji ya moto yameshawekwa bafuni.

"Emmy! Amka mwanangu, maji yanapoa!"

"Ngiyeza, Gogo," Emmy alijibu kwa Kizulu. Nakuja, Bibi.

Ndivyo walivyozungumza siku zote, Bibi kwa Kiswahili na Emmy kwa Kizulu, na kila mmoja alimwelewa mwenzake bila shida. Bibi alizaliwa Mahenge, Tanzania. Ujanani alifanya kazi ya upishi huko Morogoro, katika makazi ya Waafrika Kusini waliokuwa uhamishoni wakipigania nchi yao. Mmoja wao, Jeremia Radebe, alimwoa. Nchi ilipokaribia kuwa huru, Jeremia alirudi kwao pamoja na mke na binti yao mdogo. Binti huyo ndiye mama yake Emmy. Sasa alikuwa dereva wa lori la mizigo kati ya Johannesburg na Durban, na wiki nyingi Emmy alimsikia kwenye simu tu. Babu Jeremia alikuwa amefariki kabla Emmy hajazaliwa.

Emmy alimpenda bibi yake. Lakini tangu mwanzo wa mwaka, mambo shuleni yalikuwa yamebadilika. Watoto walikuwa wakiyarudia maneno waliyoyasikia kwa watu wazima, kwamba wageni wamejaza nchi na wageni ni wezi. Mvulana mmoja kutoka Kongo aliitwa lile neno baya wanaloitwa wageni, na begi lake likatupwa nje ya uzio. Wenzake walicheka. Emmy naye alicheka. Tangu siku hiyo alianza kuogopa kwamba kuna mtu atamsikia Bibi akiongea.

"Bibi, usinisindikize tena mpaka getini," alisema asubuhi moja. "Mimi ni mkubwa sasa."

Bibi alimtazama kidogo. "Haya. Nitaishia kwenye robot." Alimaanisha taa za barabarani pale njia panda, kwa kuwa Bibi naye alikuwa ameshazoea kuziita kama wenyeji wanavyoziita. Hakuuliza sababu.

Majira yale ya baridi, habari iliyotawala kila mahali, kuanzia kwenye spaza, kiduka cha kona, mpaka kanisani, ilikuwa ya diwani. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa unakaribia. Kabla ya siku hiyo, chama cha Bibi kilipaswa kumpata mgombea mmoja wa kata. Wanachama wa tawi wangekutana Jumamosi kwenye ukumbi wa shule ya kina Emmy wapige kura za maoni, na mshindi ndiye ambaye angepelekwa kwa wananchi wote. Katika kata ile chama hicho kilikuwa hakijawahi kushindwa. Kwa hiyo atakayepita Jumamosi, watu walisema, ameshakuwa diwani.

Waliowania nafasi hiyo walikuwa wawili. Mmoja ni Bwana Mabuza, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, msemaji hodari. Yeye alidai kwamba kila taabu ya kata, kuanzia mabomba yanayovuja mpaka barabara zenye giza, imeletwa na wageni. Akipata udiwani, alisema, hakuna mgeni atakayegusa mlango wa zahanati. Wa pili ni Nesi Nomalanga, aliyefanya kazi katika zahanati hiyohiyo miaka mingi. Hakuwa mtu wa maneno. Aliahidi kuyashughulikia mabomba na taa, na kuhusu zahanati alisema tu kwamba mgonjwa ni mgonjwa.

Siku chache kabla ya kura, Concilie aliingia jikoni kwa Bibi akiwa amembeba mwanawe mgongoni. Concilie alikuwa mkimbizi kutoka Burundi. Alipanga chumba cha uani kwa Bibi na kuuza nyanya na vitunguu kando ya barabara. Mwanawe Bertrand, mwenye miaka minne, alikuwa na ugonjwa wa pumu.

"Mama Hedwiga, leo nimeona mambo," alisema huku akijitupa kwenye kiti. "Wanaume wamejipanga langoni pa zahanati, wanauliza vitambulisho. Nimewaonyesha karatasi yangu ya ukimbizi, wakacheka. Mtoto yuko anahema hivi," akaonyesha kwa kifua chake mwenyewe, "na wao wanacheka."

"Ukafanyaje?"

"Nimelia, mama. Ningefanya nini? Nesi Nomalanga akasikia kilio. Akatoka, akawapita katikati kama hawaoni, akamchukua Bertrand mikononi, akaingia naye. Mimi nikabaki nje, nikamngojea huko mpaka walipomtoa."

Bibi alimpokea mtoto, akaweka sikio kifuani pake. Pumzi zilikuwa zimetulia. Hata hivyo aliendelea kumshikilia kwa muda mrefu.

"Jumamosi nitakwenda kupiga kura," alisema hatimaye. "Hata nikiwa naumwa nitakwenda."

Emmy, aliyekuwa akifanya hesabu mezani, aliyasikia yote. Alimwonea huruma Bertrand. Wakati huohuo hofu yake ilirudi. Wanafunzi wa darasa la saba walikuwa wameombwa kuja Jumamosi hiyo kuwagawia maji wazee watakaokuwa kwenye foleni. Yeye na darasa lake zima wangekuwa pale Bibi atakapofika.

Jumamosi kulikuwa na jua lisilo na joto. Upepo mkavu wa baridi ulipeperusha vumbi la njano kutoka kwenye vilima vya mchanga wa migodi, na foleni ilikuwa imetoka ukumbini, ikapita uwanjani, ikafika mpaka kwenye geti la shule. Watu walijikunyata ndani ya blanketi na makoti. Emmy na rafiki yake Lerato walikuwa wakizunguka na sinia la vikombe.

Getini alisimama kijana wa chama aitwaye Steve, amevaa kizibao cha rangi ya machungwa. Kazi yake ilikuwa kuipanga foleni tu, lakini kila mtu alijua kwamba yeye ni mtu wa Bwana Mabuza. Wengine aliwaruhusu waingie kwa kupunga mkono. Wengine aliwasimamisha na kuwauliza maswali.

Bibi Hedwiga alikuja taratibu, amevaa koti lake la kanisani na kitenge kiunoni. Aliwasalimu waliokuwa mbele yake kwa Kizulu. Kizulu chake kilikuwa kizuri, ila herufi zilizohitaji mlio wa kugonga ulimi hazikuwahi kumkubali. Steve aligeuka mara moja.

"Gogo, unatoka wapi?"

"Hapa hapa, mwanangu. Troyeville."

"Kabla ya Troyeville?"

"Alexandra."

"Na kabla ya Alexandra?"

Bibi akasema, "Morogoro. Tanzania." Watu kadhaa walicheka. Bibi alitoa kitambulisho chake cha uraia na kadi yake ya chama akamnyooshea. Steve hakuvishika.

"Vitu hivi siku hizi vinanunuliwa mtaani," alisema kwa sauti ili foleni nzima isikie. Halafu akainua mkono wake na kukigusa kiwiko. "Hebu niambie. Hiki kinaitwaje kwa Kizulu?"

Kicheko kilikatika. Wazee waliokuwa karibu walitazama chini, kwa sababu walikumbuka swali hilo liliulizwa lini na aliyeshindwa kulijibu alifanywa nini. Emmy, aliyekuwa umbali wa hatua chache, alijua kwamba Bibi analijua neno hilo. Indololwane. Alilitumia kila siku akipima mikono ya masweta. Lakini Bibi alisimama mdomo wazi, na hakuna kilichotoka.

"Mnaona?" alisema Steve.

Macho ya Bibi yalizunguka yakitafuta msaada, yakamwona Emmy. Uso wake ukapata nuru.

"Yule pale mjukuu wangu! Emmy, mwanangu, waambie hawa mimi ni nani."

Alisema kwa Kiswahili. Vichwa vyote viligeuka. Nyuma ya Emmy walisimama wanafunzi wa darasa lake na vikombe mikononi.

"Wewe, binti," Steve alimwuliza. "Unamfahamu huyu gogo?"

Akilini Emmy alimwona yule mvulana wa Kongo akiokota madaftari yake vumbini. Akaliona begi lake mwenyewe likiruka juu ya uzio.

"Angimazi," alisema.

Simjui.

Bibi Hedwiga hakupiga kelele, wala hakulia. Alimtazama Emmy kama mtu anayejaribu kusoma maandishi ya mbali. Kisha akafanya jambo ambalo Emmy hakulitegemea kamwe. Alimgeukia Steve na kutikisa kichwa.

"Samahani, mwanangu," alisema kwa Kizulu chake. "Nimemfananisha. Macho yangu ni ya uzee."

Akarudisha kitambulisho na kadi kwenye mkoba, akajifunga koti vizuri, akaondoka.

Foleni ilisogea. Mtu mmoja aliguna, mwingine akakohoa, na hakuna aliyesema kitu. Emmy alibaki na sinia mikononi.

"Emmy," Lerato alinong'ona. "Yule ni gogo wako."

"Nyamaza."

"Mimi nimekula kwake. Sketi hii niliyovaa ameishona yeye." Lerato hakuwa akimcheka. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Kwa nini umesema hivyo? Na mimi kwa nini nimenyamaza?"

Siku zote hizo Emmy alikuwa ameogopa kwamba rafiki zake wataijua siri yake, na kumbe Lerato hakuona siri yoyote. Alimwona bibi wa rafiki yake tu. Emmy aliliweka sinia chini na kukimbia.

Alipofika nyumbani, mlango ulikuwa umeegeshwa. Alisikia sauti jikoni akasimama sebuleni.

"Umesharudi, mama?" Concilie alikuwa akiuliza. "Umepiga?"

"Nimechelewa," Bibi alijibu. "Foleni ni ndefu mno, na miguu inaniuma."

"Mama, uchaguzi bado unaendelea. Watu wanapita hapa nje wanakwenda."

"Nimechoka, Concilie. Niache kidogo."

Emmy aliegemea ukuta. Bibi, ambaye hakuwahi kumdanganya mteja hata juu ya ubora wa uzi, alikuwa amesema uongo mara mbili tangu asubuhi, na mara zote mbili kwa ajili ya kumfunika yeye. Jambo hilo lilimchoma kuliko ambavyo kipigo chochote kingemchoma. Aliingia jikoni. Bibi alikuwa ameketi na koti lake mwilini na mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri basi.

"Bibi hakuchelewa," Emmy alisema. Alijikuta akisema kwa Kiswahili, maneno yakitoka moja moja. "Wamemzuia getini. Akaniita mimi niseme ni bibi yangu. Mimi nikasema simjui."

Concilie aliweka kikombe mezani. Akamfunika vizuri Bertrand, aliyelala kwenye godoro karibu na jiko.

"Nilikuwa naogopa," Emmy aliendelea, na sasa alikuwa analia. "Niliogopa wataniita lile neno. Nisamehe, Bibi."

"Kaa," Bibi alisema.

Emmy aliketi.

"Mama yako hapendi kuzungumza habari hizi, ndiyo maana hujazisikia. Ile nyumba yetu ya Alexandra tuliihama mwaka 2008. Usiku huo watu walipita mlango kwa mlango wakitafuta wageni. Walikuwa na marungu na mapanga, na waliuliza swali lile lile la kiwiko. Jirani yangu kutoka Msumbiji alikosea kulitamka. Sitakuambia walichomfanya." Bibi aliugeuza mkoba mapajani. "Walipofika kwetu, babu yako alitoka akasimama mlangoni. Wakamwambia, tumesikia humu kuna mwanamke mgeni. Angeweza kusema hamna mtu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimejificha nyuma ya kabati nikimwomba Mungu aseme hamna mtu. Yeye akasema, 'Humu yuko mke wangu. Mkimtaka, anzeni na mimi.' Na kwa kuwa walimjua tangu utoto wao, wakaona haya, wakapita."

"Babu alikuwa jasiri. Mimi siyo."

"Alikuwa akitetemeka, Emmy. Aliporudi ndani hakuweza kushika hata kikombe." Bibi alimpangusa machozi kwa ncha ya kitenge. "Leo kijana yule aliponiuliza kiwiko, nilirudi nyuma ya lile kabati. Neno nalijua, lakini sauti ilikataa. Halafu wewe ukasema hunijui, na sikukasirika. Nilihuzunika kwa sababu nimeona kwamba woga wangu umekuingia na wewe, wakati hukuwapo hata siku ile."

Emmy alisimama. "Twende, Bibi. Turudi. Nitawaambia ukweli."

"Hapana. Imetosha kwa leo."

Concilie ndiye aliyejibu.

"Mama Hedwiga, mimi nakuheshimu kama mama yangu aliyenizaa. Lakini acha niseme. Mimi nchi hii sina kura. Jumatatu Bertrand akizidiwa, wengine ndio walionichagulia kama nitaingia pale zahanati au nitabaki nje. Wewe unayo kura. Umeipata kwa haki, umekaa hapa, umefanya kazi hapa, umemzika mume hapa. Na umeifungia ndani ya mkoba."

Bibi alimtazama. Akamtazama mtoto aliyelala. Halafu alishika ukingo wa meza, akainuka.

"Emmy," alisema, "nipe mkono."

Waliteremka kilima wakiwa wameshikana mikono, mbele yao majengo marefu ya katikati ya jiji yaking'aa kwa jua la alasiri. Foleni ilikuwa imepungua, imebaki uwanjani. Steve bado alikuwa getini. Alipowaona, alitabasamu vibaya.

Emmy aliongea kwa Kizulu, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia.

"Huyu ni gogo wangu. Anaitwa Hedwiga Radebe. Ni mke wa marehemu babu yangu Jeremia. Asubuhi nilisema simjui, na huo ulikuwa uongo."

Steve aliangua kicheko. "Eish! Asubuhi humjui, saa hizi ni gogo wako. Wamekupa nini? Tukuamini ya asubuhi au ya sasa?"

Emmy hakuwa amelifikiria hilo. Njia nzima aliamini kwamba akishasema kweli, mambo yataisha. Sasa aliona kwamba ule uongo wake umesimama getini kabla yake, na watu walikuwa wakiutazama kuliko walivyomtazama yeye. Mama mmoja kwenye foleni alitikisa kichwa. "Mtoto huyu anacheza na sisi," alisema.

"Hachezi!"

Alikuwa Lerato. Alitoka kwenye kundi la wanafunzi, sinia mkononi, uso umemwiva.

"Mimi ni shahidi. Nimekwenda kwao mara nyingi. Huyu ni gogo wake kweli, na mimi nilijua asubuhi nikanyamaza."

Kisha mzee mmoja mwenye bakora, aliyekuwa karibu na ukuta, akasema polepole, "Mke wa Radebe. Na mimi namfahamu. Nilisimama hapa hapa asubuhi." Akainamisha kichwa.

"Mimi amenishonea wanangu wote," alisema mwanamke mwingine. Sauti zikaanza kutoka huku na huku. Zogo lile ndilo lililomtoa nje msimamizi wa uchaguzi, mama mrefu aitwaye Gugu Shezi, aliyeletwa na chama kutoka wilaya nyingine ili asiwe na upande.

"Kuna nini hapa?"

Steve alianza kueleza habari za vitambulisho vya kununua. Mama Shezi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Nani alikwambia ukague vitambulisho?"

"Ninalinda kura, mama."

"Wewe ulipewa foleni. Vitambulisho hukaguliwa mezani kwangu, na daftari la wanachama liko mezani kwangu. Umewarudisha wangapi?" Mama Shezi alinyoosha mkono. "Nipe hicho kizibao."

Steve alikivua polepole, mbele ya watu wote, akampa. Mama Shezi akamwagiza yule mwanamke aliyeshonewa wanawe apige simu kwa kila jirani aliyejua kwamba amerudishwa getini, waje kabla ukumbi haujafungwa. Kisha akamgeukia Bibi.

"Karibu, mama. Samahani kwa yaliyokupata kwenye mlango wetu."

Mezani alisoma kitambulisho, akasoma kadi, akapitisha kidole kwenye daftari na kukisimamisha. "Hedwiga Radebe. Upo, mama. Umekuwamo humu tangu kabla mimi sijajiunga." Akampa karatasi ya kura.

Emmy hakuruhusiwa kuvuka kamba. Alisimama mlangoni na Lerato, akamwona Bibi akielekea kwenye meza iliyozungushiwa maboksi, akavaa miwani, akainama. Alikaa muda mrefu kwa jambo dogo kama alama moja ya kalamu. Alipotoka, aliikunja karatasi mara mbili, akaisukuma kwenye tundu la sanduku, kisha akaweka kiganja juu ya kifuniko kama mtu anayegusa kichwa cha mtoto.

Waliorudishwa asubuhi walianza kufika. Mzee mmoja aliletwa na mwanawe kwenye kiti cha magurudumu. Mama mmoja alikuja na unga wa mkate mikononi. Walipiga kura, na baada yao mlango ukafungwa.

Kura zilihesabiwa hapo hapo ukumbini, wawakilishi wa pande zote mbili wakitazama. Jua lilikuwa linakaribia kuzama Mama Shezi aliposimama kwenye ngazi kutangaza. Nesi Nomalanga alikuwa amepita, kwa kura chache sana. Watu wa Bwana Mabuza waliondoka wakinung'unika, na baadhi ya wengine wakaimba. Nesi Nomalanga mwenyewe hakuimba. Alimpa mkono Bwana Mabuza, kisha akawaambia watu kwamba uchaguzi mkubwa bado uko mbele, na kwamba Jumatatu asubuhi yeye na viongozi wa tawi watasimama langoni pa zahanati mpaka kila mgonjwa aingie.

Bibi na Emmy walipanda kilima polepole. Lerato alikuwa ameagana nao kwenye robot.

"Bibi," Emmy alisema, "ulimpigia Nesi Nomalanga, siyo?"

"Kura ni siri. Hata kwa mjukuu."

Kisha Emmy akauliza lile lililokuwa likimkaa rohoni. "Wale watu wa foleni. Yule mzee mwenye bakora. Walikujua, na asubuhi walinyamaza. Kwa nini?"

Bibi alisimama apumzike, mkono mmoja kiunoni.

"Kwa sababu ileile yako. Kila mmoja alimsubiri mwenzake aanze. Hawakuwa watu wabaya, Emmy, walikuwa wanaogopa, na wewe ulikuwa unaogopa, na mimi pia. Kijana mmoja mwenye kizibao akatushinda wote." Aliuvuta mkono wa Emmy karibu na ubavu wake. "Sikiliza, nikwambie nikiwa bado nina pumzi. Nimekusamehe tangu pale pale getini. Lakini nataka uyakumbuke uliyoyaona leo. Ulisema neno moja la uongo ili ujiokoe, na halikukuokoa. Lilininyima mimi haki yangu, na uliporudi na ukweli, watu hawakukuamini. Ilibidi Lerato akusimamie. Siku nyingine huenda Lerato asiwepo."

"Ndiyo, Bibi."

"Utaogopa tena. Shuleni kwenu maneno yale hayataisha Jumatatu. Watakapomwita mtoto mwingine jina baya, utaogopa kusema. Ogopa, lakini sema. Sema kweli mapema, wakati bado inasaidia, hata kama sauti inatetemeka. Ukisema wewe, wa pili atasema, kama ulivyoona leo. Na ukitimiza miaka kumi na minane ukapewa kura yako, usiiache ndani ya mkoba kwa sababu mtu amekufokea mlangoni."

Emmy alimwaza yule mvulana wa Kongo, na begi lake, na kicheko chake mwenyewe. Alijua kwamba Jumatatu atamtafuta kwanza mvulana huyo, na alijua kwamba haitakuwa rahisi.

"Nitasema, Bibi," aliahidi.

"Haya. Twende basi," alisema Bibi Hedwiga, "Concilie anasubiri habari."